Herufi Moja ya Hirsch

Kuna makala ya kurasa nne ambayo imeamua maisha ya watu wengi kuliko riwaya yoyote niliyowahi kusoma, na sijawahi kuona mhakiki wa fasihi akiigusa. Ilitoka mwaka wa 2005 katika jarida la PNAS la Marekani. Mwandishi wake ni Jorge Hirsch, mwanafizikia mzaliwa wa Argentina, wa Chuo Kikuu cha California kule San Diego. Ndani yake kuna wazo moja lililopewa herufi moja. Tangu siku hiyo, ukitaka kujua msomi fulani ana uzito gani, si lazima usome alichoandika. Unafungua ukurasa wake wa Google Scholar, unatupa jicho pembeni, unaona namba. Kwisha.

Nataka niisome makala hiyo jinsi tunavyosoma hadithi: nani anasema, anamwambia nani, na nani ameachwa nje ya mlango. Msiogope hesabu. Ni hesabu ya kibandani tu.

Chukua mhadhiri mwenye makala tano. Ya kwanza imetajwa na wasomi wengine mara 10, ya pili mara 8, ya tatu mara 5, ya nne mara 4, ya tano mara 3. h yake ni 4, kwa sababu ana makala nne ambazo kila moja imetajwa angalau mara nne. Ili afike 5, ile ya nne itajwe mara moja zaidi na ya tano mara mbili. Basi. Sasa angalia kinachotokea pembeni. Mtu aliyeandika kitu kimoja tu maishani, kikatajwa mara 5,000, ana h ya 1. Msee mwenye makala kumi za kawaida, kila moja imetajwa mara kumi, ana 10. Hirsch hakuteleza hapo. Ndivyo alivyotaka, kwa sababu alikuwa anatafuta kipimo cha mtu anayefanya kazi nzuri mfululizo, asibebwe na bahati ya wimbo mmoja.

Kama maandishi, makala yenyewe ni safi sana. Haina madoido. Hirsch anafungua kwa kusema kwamba wale wachache waliopata Nobeli hakuna anayewauliza swali, lakini sisi wengine je, tutapimwaje? Halafu anakiri kwamba kupima watu hivi kunaweza kuwa na ladha mbaya, ila rasilimali ni chache na lazima uchaguzi ufanyike. Baada ya hapo anapanga washindani wa kipimo chake foleni na kuwaondoa mmoja mmoja, kama wachumba katika hadithi za nyanya. Jumla ya makala? Inaonyesha bidii, haionyeshi athari. Jumla ya kutajwa? Inavimbishwa na makala moja au mbili kubwa, pengine ulizoandika na watu wengine. Wastani wa kutajwa kwa kila makala? Unamwadhibu anayeandika sana. Mwishoni anabaki mchumba mmoja, h, na binti wa mfalme anaolewa.

Mimi kilichonishika ni lile "sisi wengine". Lugha ya Kimalei ina maneno mawili ya "sisi": kita, ambalo linamhusisha anayesikiliza, na kami, ambalo linamwacha nje. Kiswahili hakina tofauti hiyo, na Kiingereza cha Hirsch pia hakina, kwa hivyo msomaji wa Nairobi anaweza kusoma ukurasa wa kwanza akajiona ndani. Lakini endelea kusoma. Mifano yake ni wanafizikia. Edward Witten, mtaalamu wa nadharia ya nyuzi, anaongoza kwa h ya 110. Hirsch anapendekeza kwamba katika vyuo vikubwa vya utafiti vya Marekani, h ya karibu 12 inaweza kutosha kumpa mwanafizikia ajira ya kudumu, na karibu 18 kumfanya profesa kamili. Anatupa jicho kwa wanabiolojia, anaona namba zao ziko juu zaidi (Solomon Snyder ana 191), na anakubali kwamba kila taaluma ina viwango vyake. Isimu haimo. Fasihi haimo. Ile sisi ilikuwa kami muda wote.

Na kusema kweli alituonya. Yumo humo humo akiandika kwamba namba moja haiwezi kumweleza mtu mzima, na kwamba maamuzi makubwa kama ya kumpa au kumnyima mtu kazi yaangalie mambo mengi. Onyo hilo liko kwenye makala. Kwenye ukurasa wa Google Scholar halipo.

Hapa stori inarudi nyuma miaka hamsini, na mwenye kuianzisha, cha kushangaza, ana shahada ya isimu.

Huwezi kuhesabu nani ametajwa mara ngapi kama hakuna daftari la kutajwa. Daftari hilo alilibuni Eugene Garfield. Watu humkumbuka kama mfanyabiashara wa taarifa kutoka Philadelphia, lakini uzamifu wake, mwaka wa 1961, ulikuwa wa isimu miundo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kwenye idara iliyoanzishwa na Zellig Harris, ile ile iliyompa Noam Chomsky uzamifu wake mwaka wa 1955. Tasnifu ya Garfield ilichukua majina ya kemikali, yale marefu yasiyotamkika, ikayachambua kama mwanaisimu anavyochambua viambishi, mpaka mashine ikaweza kutoa fomula ya molekuli kutoka kwenye jina tu. Ukijua Kiswahili unaelewa mara moja alichokuwa anafanya. Neno kama "hatutawapigia" ni jina la kemikali: ukikata vipande sawasawa, kila kipande kina kazi yake.

Makala yake ya kwanza kuhusu daftari la kutajwa ilitoka katika jarida la Science mwaka wa 1955. Wazo alilichukua kwa mawakili. Tangu 1873 mawakili wa Marekani walikuwa na Shepard's Citations, kitabu kinachokuonyesha kesi fulani ilitajwa baadaye na kesi zipi, na kama bado ina nguvu au ilishapinduliwa. Wakili hawezi kusimama mbele ya jaji na kesi iliyokufa. Garfield aliuliza kwa nini mwanasayansi asimame mbele ya wenzake na makala iliyokufa. Kusudi alilolitaja mwanzoni lilikuwa hilo: mtafiti makini aweze kuona ukosoaji uliofuata baada ya makala fulani, ili data ya uongo au iliyopitwa na wakati isiendelee kunukuliwa kipofukipofu.

Soma hilo tena, maana ni sehemu ninayoipenda kuliko zote. Daftari la kutajwa lilizaliwa kama chombo cha uhakiki. Lilikuwa la kukuonyesha nani alikubishia na kwa nini. Lakini ukishakuwa na daftari, kuhesabu mistari ni rahisi kuliko kuisoma. Lilipoanza kuchapishwa rasmi mwaka wa 1964 kama Science Citation Index, wahesabuji walikuwa tayari mlangoni. Na kwenye hesabu, makala iliyokutaja ili kukukanusha na makala iliyokutaja ili kukusifu zote ni moja. Unaweza kupanda cheo kwa kukosea kwa sauti kubwa. Wanamuziki wetu wa mitandaoni walilijua hilo zamani bila uzamifu.

Mmoja wa waliofika mapema ni Derek de Solla Price, aliyesomea fizikia kabla ya kuhamia historia ya sayansi. Mwaka wa 1965, akitumia data ya Garfield, alionyesha kwamba kutajwa hakugawanywi kwa usawa hata kidogo: makala chache hutajwa na kila mtu, nyingi hazitajwi na yeyote. Mwaka wa 1976 akaeleza utaratibu wake. Aliyetajwa jana ndiye rahisi kutajwa kesho, kwa sababu ndiye anayeonekana. Mwanafizikia mwingine, Sidney Redner, alichukua makala zaidi ya 780,000 zilizochapishwa mwaka wa 1981 na kuzifuatilia hadi 1997. Karibu nusu, 368,110, hazikuwa zimetajwa hata mara moja.

Umbo hilo la mgawanyo, mlima mkali upande mmoja na uwanda mrefu usioisha upande mwingine, wanaisimu walilijua tayari. George Kingsley Zipf, aliyefundisha Harvard na kufariki mwaka wa 1950, alihesabu maneno katika matini akaona kwamba neno linaloongoza hutokea takriban mara mbili ya neno la pili na mara tatu ya neno la tatu, na kuendelea hivyo kushuka. Jaribu na gazeti lolote la Kiswahili. Juu kabisa utawakuta kina "na", "ya", "wa", "kwa". Chini utakuta "machweo" limejitokeza mara moja. Hakuna mhakiki atakayekuambia kwamba "ya" ni neno zito kuliko "machweo" kwa sababu limetajwa zaidi. Lakini mwambie mtu huyo huyo kwamba profesa fulani ana h ya 60 uone anavyokaa vizuri kwenye kiti.

Kwa hivyo picha ni hii: mwanaisimu alitengeneza daftari, wanafizikia wakalisoma, na mwanafizikia mwingine akalikamua mpaka ikatoka herufi moja. Halafu herufi ikarudi kuwapima wanaisimu. Hapo ndipo mambo yanakuwa noma, kwa sababu taaluma hizi mbili haziandiki kwa namna moja.

Mwaka wa 2015, makundi mawili ya watafiti wa mashine ya CERN, ATLAS na CMS, yalichapisha pamoja makala ya kupima uzito wa chembe ya Higgs. Makala ina kurasa 33. Kazi yenyewe pamoja na marejeo ni kurasa tisa. Kurasa 24 zilizobaki ni majina ya waandishi na vyuo vyao: watu 5,154. Ni tamthilia ambayo orodha ya wahusika ni ndefu kuliko mchezo. Sina ubishi nao, mashine ile haiendeshwi na mtu mmoja, na fundi wa sumaku anastahili jina lake kama anavyostahili mwananadharia. Lakini makala hiyo ikitajwa, wote 5,154 wanapanda pamoja. Mwanaisimu anayekaa Lamu miaka mitatu akirekodi Kiamu anarudi na kitabu kimoja chenye jina moja.

Na kitabu ndiyo shida nyingine. Madaftari makubwa ya kutajwa, Web of Science na baadaye Scopus, yalijengwa juu ya makala za majarida. Wanaisimu wa lugha zetu, kazi zao nzito mara nyingi ni vitabu. Ukitaka kujua Kiswahili kilitoka wapi na kina undugu gani na Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro, utaishia kwa Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, Swahili and Sabaki, 1993. Kitabu kimoja hicho, hata kitajwe na kila mtu anayegusa somo hilo, kinaongeza 1 kwenye h ya kila mmoja wao. Ferdinand de Saussure, ambaye isimu ya kisasa inaanzia kwake, alifariki mwaka wa 1913 na kile kitabu chake maarufu kikatoka mwaka wa 1916, kikiwa kimekusanywa na wenzake kutokana na daftari za wanafunzi. Mpe fomu ya kupandishwa cheo uone.

Usidhani fizikia yenyewe imepona. Peter Higgs, ambaye chembe ile ina jina lake, aliandika makala zake mbili fupi mwaka wa 1964, na baada ya hapo hakufikisha hata kumi. Alipopata Nobeli mwaka wa 2013 aliliambia gazeti la Guardian kwamba siku hizi hakuna chuo ambacho kingemwajiri. Asingeonekana mzalishaji wa kutosha.

Sasa tuje nyumbani, kwa mtu ambaye kila mwanafunzi wa isimu ya Kiswahili hapa Kenya anamjua. Mohamed Hassan Abdulaziz, mtu wa Mombasa, profesa wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka wa 1972, katika juzuu la kwanza kabisa la jarida la Language in Society, alichapisha makala kuhusu hali ya lugha Tanzania. Wenzake Ulaya na Marekani walikuwa wamezoea kuzungumzia lugha mbili zinazogawana kazi, ya juu na ya chini. Yeye akasema hapa ni tatu: lugha ya kwanza ya nyumbani, Kiswahili, Kiingereza, na Kiswahili kimekaa katikati, juu ya moja na chini ya nyingine. Ukiwahi kumsikia mtu akiongea na mamake Kikamba kwenye simu, akamlipa makanga kwa Kiswahili, halafu akaingia ofisini na Kiingereza, umeiona makala hiyo ikitembea. Iliandikwa kuhusu Tanzania lakini mimi naisoma nikiwa Tom Mboya Street.

Jina lililo juu ya makala hiyo ni Abdulaziz Mkilifi. Jina lililo juu ya kitabu chake cha 1979 kuhusu Muyaka, mshairi wa Mombasa wa karne ya 19, ni Mohamed H. Abdulaziz. Mtu ni yule yule. Mtu wa pwani ana jina lake, la babake, la babu yake, na akitaka, la mji au la ukoo, na huyatoa kulingana na anayemuuliza. Mashine inataka jina la ukoo, koma, herufi za kwanza. Ikimkosa, inamgawanya. Huku kuna Mkilifi wa 1972, kule kuna Abdulaziz wa 1979, na orodha za marejeo zinamwandika kwa namna zote mbili, wakati mwingine ndani ya tasnifu moja. Ukimjumlisha Mkilifi bila Abdulaziz umepata nusu mtu.

Kisha kuna Sheng. Mwaka wa 1997 Abdulaziz na Ken Osinde walichapisha, katika International Journal of the Sociology of Language, makala ambayo hadi leo ni vigumu kuandika kuhusu Sheng bila kupita kwake. Inaitwa Sheng and Engsh. Walitenganisha vitu viwili ambavyo watu wa nje walikuwa wanavichanganya: Sheng ya Eastlands, iliyojengwa juu ya Kiswahili, na Engsh ya watoto wa Westlands na mitaa ya wenye nazo, iliyojengwa juu ya Kiingereza. Yaani hata mchanganyiko wetu una barabara mbili, na unajulikana umepanda matatu ya upande gani. Nadhani makala inaiona Sheng zaidi kama hali ya vijana kuliko lugha ambayo mtu angezeeka nayo, na miaka imeipita hapo. Kitabu cha Chege Githiora cha 2018 kinasema kwa nguvu kwamba Sheng sasa ni aina ya Kiswahili cha Kenya, cha watu wa rika zote. Lakini Githiora anabishana na kitu kilichopo mezani, na walioweka meza ni hawa wawili.

Na kabla ya makala hiyo kulikuwa na kazi nyingine ya Osinde, ya 1986, ambayo ni tasnifu ya shahada ya kwanza ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Shahada ya kwanza! Kijana wa chuo aliamua kuandika kuhusu lugha ambayo walimu wa shule walikuwa wanaichapia watoto fimbo. Haijawahi kuchapishwa. Imo kwenye marejeo ya watafiti miaka karibu arubaini baadaye, mara nyingi ikiwa na lile neno la huzuni, "haijachapishwa", mbele yake. Kwa h ya Hirsch, tasnifu isiyochapishwa ni hewa.

Na TUKI je? Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka wa 1981 ikiwa na jina la taasisi ya Dar es Salaam. Fungua insha yoyote ya chuo iliyoandikwa kwa Kiswahili, utakuta "TUKI, 1981" au toleo la baadaye, kwa kawaida kwenye aya ya kwanza, pale mwanafunzi anapofasili neno ambalo kila mtu analijua. Ningeambiwa nikisie msomi anayetajwa zaidi katika Kiswahili, ningesema ni bwana TUKI. Hana mshahara, na tangu 2009 taasisi yenyewe imebadilishwa jina ikawa TATAKI. Watu halisi waliokaa wakibishana kama "sanifu" ni kitenzi au kivumishi hawamo kwenye hesabu ya mtu.

Ninalolalamikia kwa hakika ni hili. Kuna mazungumzo marefu ya kitaaluma yanayoendelea kwa Kiswahili: katika jarida la Kiswahili la Dar es Salaam, ambalo mizizi yake ni taarifa za kamati ya lugha za mwaka wa 1930, katika Mulika, katika Swahili Forum linalotoka Ujerumani na kusomwa bure mtandaoni. Watu wanatajana humo, wanabishana, wanakosana hadharani, wanapatana. Ili kutajwa kuhesabiwe, lakini, si lazima tu wewe uwe kwenye daftari. Anayekutaja pia awe ndani. Watu wawili wakijibizana kwa miaka kumi kwenye majarida yaliyo nje, kwa daftari hapajakuwa na sauti.

Rafiki yangu mmoja anafundisha isimu katika chuo ambacho nitakiacha bila jina. Uzamifu wake ni wa Kiswahili, aliuandika kwa Kiswahili, na sura moja humo, kuhusu jinsi wenye maduka ya simu mtaani wanavyobadilisha lugha kulingana na mteja, ni maandishi bora ya isimu niliyosoma miaka ya karibuni. Nilimuuliza kwa nini hajaichapisha kama ilivyo. Akanijibu bila hasira yoyote, kama mtu anayekuelekeza stage: "Nikiitoa kwa Kiswahili nitasomwa na wewe. Nikiitoa kwa Kiingereza nitahesabiwa." Anaitafsiri sasa. Sentensi za wenye maduka, ambazo ndizo uhai wa sura, zimekuwa vipande vya maneno vilivyowekewa tafsiri chini yake kama samaki aliyepigwa msumari ukutani.

Simlaumu. Vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka wa 2014 vinahesabu machapisho kwa pointi, na vyuo vyenyewe vinapenda kupeperusha nafasi zao kwenye orodha za dunia kama ile ya Times Higher Education, ambayo data yake ya kutajwa hutoka Scopus. Kila ngazi inaangalia ngazi ya juu. Hakuna mtu mbaya kwenye hii stori, na hiyo ndiyo inaifanya iwe ngumu kuandika.

Hata Hirsch si mtu mbaya. Mwaka wa 2020 aliandika katika kijarida cha wanafizikia wa Marekani insha ya kujitazama, na kichwa chake kinacheza na hiyo herufi h. Anasema karibu nusu ya wanasayansi wanaipenda h na nusu wanaichukia, na ukitaka kujua mtu yuko upande gani, angalia h yake. Nilicheka. Halafu anasema kilichomleta. Kwa miaka mingi ameshikilia kwamba nadharia inayokubalika ya upitishaji umeme bila ukinzani, ile ya 1957 ya Bardeen, Cooper na Schrieffer, ina kasoro. Wanaozikataa makala zake ni watu wenye h kubwa, waliopata h hiyo kwa kutajana ndani ya nadharia hiyo hiyo. Kipimo alichokitengeneza kimekuwa ukuta anaougonga. Kama ana haki kuhusu fizikia yenyewe sina uwezo wa kuamua, na wenzake wengi wanasema hana. Lakini kama mhakiki natambua sauti: msimulizi aliyesema "sisi" mwaka wa 2005 amegundua, akiwa mzee, kwamba na yeye yuko nje.

Miaka hiyo hiyo alifanya kazi nyingine ambayo haikumwongezea namba yoyote ya maana. Mwaka wa 2020 Nature ilichapisha madai ya kundi la Ranga Dias kwamba wamepata umeme usio na ukinzani katika joto la kawaida la chumba. Dunia ilishangilia. Hirsch alikuwa miongoni mwa waliodai data ghafi na kusema, tena na tena, mpaka akakera watu, kwamba vipimo vya sumaku havionekani sawa. Makala iliondolewa mwaka wa 2022. Nyingine ya kundi hilo ikaondolewa 2023. Kazi hiyo ya kukagua, ya kuuliza hii imetoka wapi, ndiyo ile Garfield aliyoitaja mwaka wa 1955 kama sababu ya kuwa na daftari.

Makala ya Hirsch ya kurasa nne ukiitafuta mtandaoni utaipata bure na kuimaliza kabla chai haijapoa, na nakushauri uisome, hasa ukurasa wa kwanza. Ile ya Abdulaziz na Osinde nilitamani kukushauri hivyo hivyo, kwa sababu wewe ndiye uliyeandikwa humo, wewe na mtaa wako na namna unavyoongea na marafiki zako. Iko kwa Kiingereza, kwenye tovuti ya mchapishaji wa Berlin, na ukibonyeza kuifungua utaulizwa kwanza kama chuo chako kimelipa.